Doa kwenye picha ya taya

Leo tunaongea juu ya picha ya eksirei ya taya, ile anayoagiza daktari wa meno kabla ya kumfunga kijana waya za kunyoosha meno.

Daktari anataka kuona meno yamekaaje na yale ambayo hayajaota yako wapi. Lakini picha huonyesha na mengine: doa jeusi hapa, doa jeupe pale, na mzazi aliyesimama kando anashtuka. Ngoja kwanza. Mengi ya madoa hayo ni maumbile tu.

Chukua taya la chini. Karibu na mizizi ya magego madogo, kila upande, kuna kitundu ambamo neva hupita kwenda kwenye kidevu na mdomo wa chini. Kila mtu anacho. Kwenye picha kinaonekana kama doa jeusi la mviringo, na wakati mwingine doa hilo linaangukia kwenye ncha ya mzizi, mahali hasa ambapo jino lililooza hutunga usaha. Hapo jino zima laweza kung'olewa bure! Kwa hiyo, kabla hujakubali, muulize daktari mambo mawili. Je, jino lenyewe li hai? Hulipima kwa kitu baridi, na jino lililo hai kwa kawaida huisikia ile baridi. Na je, tukipiga picha nyingine ndogo kwa pembe tofauti, doa linabaki palepale? Kitundu cha neva huonekana kusogea mbali na mzizi. Usaha hubaki pamoja nao.

Doa jeupe mara nyingi ni sehemu ya mfupa iliyo ngumu kuliko kawaida. Haiumi, haihitaji dawa. Daktari wa waya huiandika kwenye faili, maana jino linalosogezwa kupitia hapo laweza kwenda polepole. Kinundu kigumu katikati ya kaakaa nacho, kama hakikusumbui, kiache.

Wapo pia watu ambao njia ya neva katika taya la chini imegawanyika mara mbili. Hao wanaweza kuchomwa sindano ya ganzi na bado wakasikia maumivu. Ikikutokea, usijikaze, sema.

Sasa, sikusema kila doa ni salama. Katika ukanda wetu kuna saratani ya watoto inayoanzia mara nyingi kwenye taya; daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Inakua haraka sana, na meno ya mtoto yanalegea. Hutibika kwa dawa, hasa ikiwahiwa. Ukiona taya la mtoto linavimba, au mdomo wa chini wa mtu yeyote umekufa ganzi bila sindano, usingoje habari za waya. Nenda kituo cha afya leo.

Na picha yenyewe, omba nakala. Ukihama kambi au ukirudi nyumbani, ibebe pamoja na kadi ya kliniki, ili daktari atakayefuata ailinganishe na mpya aone kama doa limekua au liko vilevile.