Vikundi vya Redio Vimekwenda Wapi?

Baada ya taarifa ya habari, tutafakari jambo moja: kwa nini njia moja ya kupashana habari hudumu na nyingine hupotea?

Wapo wataalamu, wakiwemo Robert Boyd na Peter Richerson wa Marekani walioandika kitabu mwaka 1985, wanaosema utamaduni hubadilika kama viumbe: hurithiwa, hugeuka kidogo kidogo, na kinachoendana na mazingira ndicho huenea.

Tulitazame hapa mkoani Mara. Mwaka 1973 kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu milioni 2 nchini Tanzania katika vikundi vya redio. Mnasikiliza kipindi, ajuaye kusoma anawasomea wenzake kijitabu, mnajadili, kisha mnashika majembe kuchimba choo. Leo mchuuzi wa dagaa mwaloni Musoma anapokea ujumbe wa sauti katika kundi la WhatsApp, papo hapo anamrushia mwenzake wa Bunda. Kundi tumelirithi. Kijitabu na mjadala wa ana kwa ana, hapana, na hilo linaniuma, kwa sababu ndivyo vilivyosaidia kuchuja uvumi.

Hata hivyo, wanaopinga kuulinganisha utamaduni na viumbe wana hoja nzito. Viumbe havina wizara wala matangazo ya biashara. Redio ya 1973 ilikuwa mkononi mwa serikali ya Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, na sauti ilitoka juu kwenda chini. Leo mkulima wa Butiama anajibu, na anasikika. Ni faida kubwa.

Swali ni hili, msikilizaji: nani sasa anachagua kitakachorithiwa na watoto wetu, sisi wenyewe, serikali, au kampuni zenye mitandao?