Kiatu cha Kuingia Majini
Mazungumzo na vikundi vya wakulima wa mpunga na wachota mchanga



Nimeombwa niseme juu ya viatu, kwa sababu vikundi kadhaa hapa vinataka kutoa pesa za kikundi kununua viatu vya kazi ya majini. Ni jambo jema. Lakini kabla hamjafungua sanduku, tuulizane kwanza: maji gani? Kiatu kinachomfaa mchota mchanga hakitamkinga mkulima wa mpunga, na cha mkulima kinaweza kumzamisha mchota mchanga.

Tuanze na mto unaokwenda mbio. Kule Sagana kuna wageni wanaoshuka mto Tana kwa mashua za mpira, kwa mchezo tu. (Ndiyo mama, wanalipa ili warushwe na maji!) Kiatu cha mchezo huo hushika kisigino, huachilia maji yatoke, na soli yake haitelezi. Sisi tunaovuka kwa haja tunahitaji hayo hayo. Slipa haifai kabisa. Ikivuka mguuni mtu huifuata, na slipa ya shilingi chache humpeleka kwenye kina. Gambuti nazo zikijaa maji, mguu hauinuki.

Akala inafaa, mradi itengenezwe kwa ajili ya maji. Mwambieni fundi wa jua kali akate tairi la nyuzi za nailoni, si lile la waya, maana waya ikitokeza hukata nyayo. Aweke mkanda wa nyuma ya kisigino. Mikanda aipitishe kwenye matundu ya soli na kuikaza. Msumari unaoloa kila siku huliwa na kutu, halafu mkanda unang'oka ukiwa katikati ya mto. Soli ikiwa imeisha meno, aichonge mifereji. Sandak pia si mbaya: ina matundu, na ikipasuka huchomelewa kwa kisu cha moto. Ubaya wake ni kuteleza juu ya mawe.

Na uvae kiatu gani, mkondo ukikuangusha usikimbilie kusimama. Mguu ukinaswa kati ya mawe, maji yatakulaza kifudifudi. Lala chali, miguu itangulie, jisogeze ukingoni.

Sasa maji yaliyotulia, kama ya mashamba ya Mwea na mifereji yake. Hapo adui ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote, kwa dakika chache tu. Akala na sandak tulizozisifu hazikingi hata kidogo. Panatakiwa gambuti refu lisilovuja, na maji yasipite juu yake. Kabla ya msimu lijazeni maji, mlitazame kwa nje. Likivuja na ni la mpira, litiwe kiraka cha tyubu; la plastiki halishiki gundi ya baiskeli. Likaushwe kivulini, maana jua hupasua mpira.

Najua mtaniambia matope hushika gambuti na mtu hawezi kupandikiza. Ni kweli, ndiyo sababu wengi huingia pekupeku. Kwa hiyo mimi naona gambuti wapewe kwanza wanaosafisha mifereji. Wapandikizaji waende wapimwe na kupewa praziquantel. Dawa hiyo huua minyoo iliyo mwilini, lakini haizuii kuambukizwa tena wiki ijayo. Ndiyo maana pesa zikibaki, zichimbe choo karibu na shamba: mayai ya kichocho cha tumbo hufika majini kwa kinyesi.

Tena pimeni miguu kabla ya kuagiza. Kununua saizi moja kwa kikundi kizima ni kununulia panya nyumba.

Sasa nipokee maswali. Tuanze na akina mama wa nyuma, waliokuwa wakinong'ona juu ya bei.