Wewe ni Mtoto wa Nani?



Wapendwa wasikilizaji, ninyi mlioko Ngara, Rulenge na Kabanga, nanyi wa Biharamulo na Nyakanazi, twawasalimu katika Dominika hii. Injili ya leo ni ile ya baba aliyekuwa na wana wawili, katika sura ya 15 ya Mtakatifu Luka. Twaijua tangu katekisimu, na kwa kuwa twaijua mno, mara nyingi hatuisikilizi. Leo twapenda kuitafakari pamoja na habari za mtoto mmoja wa huku kwetu, ambaye jina lake hatutalitaja.

Alikuwa na umri wa miaka 14. Alikamatwa usiku akiwa na fedha na simu ya mwenye duka. Kabla mwenyekiti wa kitongoji hajafika, watu walikwisha kukusanyika na fimbo, na mmoja wao alibeba dumu la petroli. Twasema "watu", lakini yafaa tuseme kweli: walikuwa waumini wa kigango chetu, na baadhi yetu tulikuwapo, tukanyamaza. Aliyemwokoa ni bibi mmoja mzee, aliyejipenyeza katikati, akamshika mkono na kumwuliza kwa sauti kuu, "Wewe ni mtoto wa nani?" Mtoto akataja jina la mama yake. Fimbo zikashuka, kwa maana mama huyo alikuwa akijulikana na wote.

Swali hilo si geni katika wilaya hizi. Wenye umri mkubwa wanakumbuka siku za tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, hata Benaco ikawa kama mji mkubwa ulioota katika usiku mmoja. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliopotezana na wazazi wao. Hapakuwa na mtu aliyeanza kwa kuwauliza wamekosa nini. Waliulizwa majina yao, kilima walichotoka, na watu wa kwao ni akina nani. Kwa nini basi mtoto wa jirani, akishaiba, aulizwe kwanza kosa lake, na pengine asiulizwe kabisa lingine lolote?

Sheria ya nchi yetu, tushangae au tusishangae, imeliweka swali la yule bibi mahali pake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kwamba mtoto hatahukumiwa kifungo gerezani. Kesi yake husikilizwa katika Mahakama ya Watoto, faraghani, na mzazi au mlezi hutakiwa awepo. Afisa ustawi wa jamii huandika taarifa kuhusu nyumba anakotoka: analala wapi, anasoma au ameacha, nani anamlisha. Hakimu aweza kumwachia kwa masharti, au kumweka chini ya uangalizi. Aweza pia kumpeleka Shule ya Maadilisho ya Irambo, lakini Irambo iko Mbeya, na mama wa Ngara atapataje nauli ya kumtazama mwanawe?

Ndiyo maana kamati zina kazi. Tangu mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulipoanza kutekelezwa mwaka 2017, zimeundwa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia mkoa, halmashauri na kata hata kijiji. Kamati ya mkoa haiwezi kumjua kila mtoto wa Kagera. Yaweza, hata hivyo, kuwakalisha pamoja polisi, mahakama, ustawi wa jamii, walimu na watu wa dini, ili mtoto asikae mahabusu kwa sababu tu hakuna aliyekwenda kumwita mama yake. Na wako watoto wagumu zaidi kuwasaidia: wale wanaovuka mpaka kutoka Burundi kutafuta vibarua vya kulima na kuchunga. Mmoja wao akikamatwa, nani atasimama kumdhamini? Hapo kamati ya kijiji peke yake haitoshi. Lazima mkoa uzungumze na wenzao wa ng'ambo.

Turudi kwa mtoto wetu. Hakimu alimrudisha nyumbani chini ya uangalizi. Mama yake alimpokea, akampikia ndizi na maharage, na sisi tulidhani hadithi imekwisha. Tulisahau kwamba katika Injili kuna mwana wa pili.

Yuko kaka. Ndiye aliyeuza kahawa yake ili kumlipa mwenye duka, na fedha hizo alikuwa ameziweka kwa ajili ya mabati ya nyumba yake. Tangu mdogo wake arudi, yeye hali tena nyumbani kwa mama. Jioni hula kwa jirani. Tusimhukumu upesi. Hasira yake ina haki ndani yake, kama ya yule aliyesimama nje akisikia ngoma, wala baba hakumkemea, alitoka akamsihi. Na Mtakatifu Luka hatuambii kama aliingia.

Wajumbe wawili wa kamati ya kijiji wamekwisha kumwendea mara mbili. Mara ya kwanza hakufungua mlango. Mara ya pili aliwapa viti, akauliza mabati yake yatalipwa na nani, wakakosa jibu. Wamekwisha kusema na mwenye shamba mmoja ampe mdogo huyo kazi ya palizi siku za Jumamosi, ujira upelekwe kwa kaka kidogo kidogo. Dominika ijayo baada ya Misa watakwenda mara ya tatu, na safari hii sisi tuliokuwa kimya usiku ule tutafuatana nao.