Ndani Kwanza, Nje Mwisho: Kiswahili cha Mfuatano katika Karakana ya Chuma



1.0 Utangulizi

Mada yangu jioni hii inatoka Makambako, mji ulioko kwenye njia panda: barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia hukutana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, hupita hapo hapo. Mji wa namna hii haukosi karakana. Malori huharibika, matela hukatika, na mashine za kupasulia mbao za Njombe huhitaji vipuri.

Katika karakana moja ya huko nilikuta meza ya kukatia chuma kwa plazima, inayoongozwa na kompyuta, yaani CNC. Fundi kijana aliyeiendesha alinionyesha karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ukutani, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Baada ya shikamoo na marahaba aliniambia: "Mzee, hii karatasi imenitia hasara." Aliponieleza, nilitambua kwamba kosa lilikuwa la kiisimu. Ndilo ninalotaka kulichambua.

2.0 Kazi Yenyewe

Katika meza hiyo, bamba hulazwa juu ya mbavu za chuma, na mwenge hupita juu yake ukifuata mistari ya mchoro. Hewa au gesi hupulizwa kwa nguvu kupitia tundu jembamba, umeme huigeuza kuwa plazima yenye joto kali mno, na chuma huyeyuka na kupeperushwa chini. Kinachogandia ukingoni ni kile ambacho wahunzi wetu tangu zamani walikiita mavi ya chuma.

Ubora wa kazi hutegemea sana mfuatano. Chukueni mfano wa kitako chenye matundu manne ya bolti. Matundu hukatwa kwanza, na mzingo wa nje hukatwa mwisho. Sababu yake ni dhahiri: kitako kikishatenganishwa na bamba huweza kusogea, kuinama au kuanguka kati ya mbavu, na tundu litakalokatwa baadaye halitakuwa mahali pake. Aidha, kipande kilichosimama upande huweza kugongwa na mwenge unaopita.

Zaidi ya hayo, moto una upana. Tuseme moto huondoa milimita 2 za chuma. Mwenge ukipita katikati ya mstari wa tundu la milimita 20, tundu litakuwa na milimita 22. Kwa hiyo mwenge husogezwa milimita 1: ndani ya mstari kwa tundu, nje ya mstari kwa mzingo. Tena, kwa kuwa gesi huzunguka inapotoka, kwa kawaida ukingo wa kulia wa mwendo hutoka wima zaidi kuliko wa kushoto. Ndiyo maana mzingo hukatwa kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, na matundu kinyume chake: katika hali zote mbili kitu tunachokihitaji hubaki kulia.

3.0 Utata wa "Ndani"

Karatasi ile ilisema: "Kata ndani ya umbo kwanza." Mwandishi wake alikusudia matundu yaliyomo ndani ya umbo. Kijana alielewa upande wa mstari: kwamba aanze na mzingo, mwenge ukipita kwa ndani. Alifanya hivyo. Kitako kikapungua milimita 2 kila upande, kikaanguka, na matundu yakahama. Bamba lenye unene wa milimita 10 likawa chakavu, na gharama yake ikakatwa katika malipo yake.

Kijana hakukosea Kiswahili. Neno "ndani" laweza kutaja kilichomo katika eneo, na laweza kutaja upande wa mpaka. Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Katika maelekezo ya mashine muktadha haupo. Kauli salama ingekuwa: "Maliza matundu yote, kisha kata mzingo, mwenge ukipita nje ya mstari." Mfuatano na upande ni mambo mawili, na kila moja lidai maneno yake.

Karatasi hiyo hiyo iliita mapito ya mwenge "njia ya mkato". Mnacheka, na kijana naye alicheka. Kila Mswahili anajua njia ya mkato ni njia fupi ya kukwepa safari ndefu. Mtafsiri aliunganisha maneno mawili sahihi akapata la tatu lisilo lake. Napendekeza "njia ya mwenge".

4.0 Sarufi Iliyokwisha Kujiandaa

Hata hivyo, nisingependa mwondoke mkidhani Kiswahili ni kikwazo. Kinyume chake, lugha hii ina zana za mfuatano zilizo kali kuliko tunavyozitumia. Linganisheni sentensi hizi:

(a) Ukitoboa, sogeza mwenge.
(b) Ukishatoboa, sogeza mwenge.

Katika (a), -ki- yaruhusu matendo mawili kwenda pamoja. Katika (b), -kisha- yadai tendo la kwanza liwe limetimia. Kwenye meza ya plazima tofauti hiyo ni ya chuma na moto. Mwenge ukiondoka kabla tundu la kuanzia halijapenya, chuma kilichoyeyuka hurudi juu na kuharibu ncha yake. Mashine huwekewa muda wa kusubiri. Mofimu -sha- ndiyo muda huo katika sarufi.

Tazameni pia: "Usikate mzingo kabla hujamaliza matundu." Wageni hushangaa kwa nini "kabla" hufuatwa na kitenzi kikanushi. Lakini -ja- yasema kwamba tendo linatarajiwa na halijatimia; ni mlinzi anayesimama mlangoni. Mwandishi wa maelekezo anayekimbilia "kabla ya kumaliza" hajakosea, ila amemwondoa mlinzi huyo.

5.0 Istilahi Zitoke Wapi?

BAKITA iliundwa mwaka 1967, na TUKI ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi hizo ni za kuheshimiwa. Hata hivyo, karakana haina budi kusikilizwa. Nilipomwuliza yule kijana upana ule unaoondoka anauitaje, alijibu: "Moto unakula milimita mbili." Sikuhitaji maelezo zaidi. Nafahamu kwamba neno "ulaji" limekwisha kutekwa na siasa zetu. Basi tuseme "upana wa moto", lakini tusipoteze kitenzi chake.

6.0 Hitimisho

Mkoa wa Njombe, ulioanzishwa mwaka 2012, una chuma katika ardhi yake kule Liganga, wilayani Ludewa, na una vijana wanaokikata chuma kilichotoka mbali. Vijana hao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakakutana na Kiingereza sekondari, kisha wakakabidhiwa mashine yenye maelekezo yaliyotafsiriwa kwa haraka. Kosa la kiambishi hulipwa nao, wala halilipwi na mtafsiri.

Ombi langu kwa wanafunzi wa isimu ni dogo. Mnapoandika tasnifu juu ya njeo na hali, nendeni na daftari katika karakana moja. Andikeni maelekezo ya kazi mliyoiona, mpeni fundi ayafuate mkiwa mmesimama kando, na msimwongezee neno. Mkiona anasita, rudini kwenye sentensi yenu. Kabla sijaondoka Makambako, mimi na yule kijana tuliandika upya karatasi ile, mistari saba tu. Wa kwanza unasema: "Maliza matundu yote."