Tairi Kubwa kwa Pikapu Iliyoinuliwa Mbele

Leo nazungumza na mwenye pikapu wa Kyela, Ipinda au Matema aliyeinua mbele gari lake, na sasa anataka kulifunga tairi kubwa kabla ya masika.

Pikapu hutoka kiwandani imeinama kidogo mbele, nyuma imenyanyuka, ili ikipakiwa magunia ya mpunga ikae sawa. Wengi huipeleka gereji, fundi akaweka spesa juu ya shokapu za mbele, gari likalingana. Mwenye gari akiona uwazi ulioongezeka juu ya tairi, anaamini amepata nafasi. Uwazi huo ni wa gari lililosimama. Likidumbukia shimoni, tairi hupanda hadi palepale lilipokuwa likifika siku zote, maana stopa za mpira zinazolizuia lisipande zaidi hazikuhamishwa. Na ukikata usukani mpaka mwisho, bega la tairi linapita karibu na bampa vilevile kama zamani.

Sasa soma ubavu wa tairi lako. Hilux na Ranger nyingi zinakuja na 265/65R17: upana milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 17. Tairi zima lina kimo cha milimita 776 hivi. Ukifunga 265/70R17 unafika 803, na gari linapanda nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 13. Ukirukia 285/70R17 unafika 831, tena tairi limenenepa kwa milimita 20. Hilo ndilo linalokula plastiki ya ndani ya madigadi.

Halafu kuna matope yetu. Udongo wa mabonde ya mito Mbaka na Kiwira ukilowa unanata, unajaa kwenye kashata za tairi, kisha unajibandika juu ndani ya madigadi. Nafasi ya vidole viwili inayotosha kwenye lami ya Tukuyu, mwezi wa nne shambani haipo tena. Kwa hiyo acha nafasi ya tope, si ya tairi peke yake.

Rimu zilizotokeza nje ni nzuri kwa macho, lakini zinalisogeza tairi kwenye bampa kila unapokata kona. Baki na za kiwandani. Tairi zote nne ziwe saizi moja, hasa kama unatumia foo-wili, na spea ifanane nazo. Baada ya kuinua gari, fanya alaimenti na ushushe mwanga wa taa. Ukipakia mzigo nyuma, pua hupanda na taa humpiga machoni anayekuja. Kumbuka pia mwendo: kwa 285/70R17, kipimo kilichokuwa sahihi kikisoma 80, wewe unakwenda karibu 86, na breki ni zilezile.

Kwa kazi za Kyela, 265/70R17 inatosha. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akufungie mbili za mbele kwanza. Paka chokaa mabegani mwa tairi, pandisha gurudumu moja kwenye tuta, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, kisha rudi nyuma ukiwa umekata vilevile. Chokaa ikifutika popote, mrudishie tairi zake.