Marufuku Kabla ya Mbadala: Funzo la Sera ya Matatu Katikati ya Jiji la Nairobi

1. Utangulizi



Jumatatu tarehe 3 Desemba 2018, Serikali ya Kaunti ya Nairobi chini ya Gavana Mike Sonko ilizuia matatu kuingia katikati ya jiji. Abiria wa Thika Road wakateremshwa Ngara, na wengine wakaishia Muthurwa na Hakati, zote steji za pembezoni mwa katikati ya jiji. Wafanyakazi, wanafunzi, wagonjwa na watu wenye ulemavu walimalizia safari kwa miguu. Siku ya pili yake amri ikasitishwa.

Tangu hapo tumezoea kusema kwamba marufuku ile iliangushwa na wenye matatu, au kwamba viongozi walikosa msimamo. Nadai kwamba sera hiyo ilikuwa imeanguka tangu ilipoandikwa, kabla askari wa kaunti hajasimama kwenye makutano yoyote. Ilitanguliza katazo, ikaacha mbadala uje baadaye. Nitaipima kwa kuilinganisha na sera nyingine tatu: kanuni za usalama wa matatu za 2004, ziitwazo Kanuni za Michuki, mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, na tozo ya magari ya London.

2. Safari haiishii mjini

Mchukue mkazi wa Kangemi anayefanya kazi Eneo la Viwanda. Asubuhi anapanda matatu ya Waiyaki Way, anashuka steji ya Odeon mjini, anavuka barabara ya Tom Mboya kwa miguu, kisha anatafuta gari la pili upande wa Bus Station au Railways. Hana shughuli yoyote katikati ya jiji. Anapita tu, kwa sababu njia nyingi za matatu Nairobi huingia mjini, na chache mno huunganisha mtaa mmoja na mwingine moja kwa moja.

Kwa hiyo steji za mjini ni maungio ya safari. Ukilisogeza gari la kwanza hadi Ngara na la pili hadi Muthurwa, umemwongezea abiria huyo mwendo mrefu wa miguu katikati ya mikokoteni na wachuuzi, asubuhi na jioni, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Asipoweza kutembea, atalipa bodaboda. Msongamano uliopunguzwa kwenye lami umehamishiwa mfukoni mwake.

Anayehesabu magari yanayoingia mjini ataona tatizo la magari. Anayehesabu safari za watu ataona kwamba tatizo ni ukosefu wa njia za kukwepa mjini. Takwimu ya kwanza huzaa marufuku. Ya pili huzaa ratiba ya njia mpya.

3. Kanuni za Michuki: ukali uliokuwa na mlango wa kutokea

Mara nyingi tunaambiwa kwamba kilichohitajika 2018 ni ukali wa marehemu John Michuki. Tuutazame ukali huo ulivyopangwa. Akiwa Waziri wa Uchukuzi, alitangaza kanuni zake Oktoba 2003, nazo zikaanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Katikati palikuwa na takriban miezi minne. Matakwa yenyewe yalionekana kwa macho: mikanda ya usalama kwenye viti, mstari wa manjano ubavuni, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, sare za dereva na kondakta, na idadi ya abiria isiyozidi viti. Afisa yeyote barabarani angeweza kusema gari limetimiza au halijatimiza.

Ni kweli kwamba Februari hiyo pia watu walitembea, kwa kuwa magari mengi yalikuwa hayajatengenezwa. Lakini mwenye gari alijua la kufanya ili arudi kazini, na kila siku aliyochelewa ilimgharimu yeye mwenyewe. Kutembea kwa abiria kulikuwa shida ya mpito. Mwaka 2018 kutembea ndiko kulikokuwa mpango wenyewe. Hapakuwa na chochote ambacho mwenye matatu angerekebisha ili abiria wake afike steji ya Kencom, katikati ya jiji.

Kanuni za Michuki nazo zilichakaa. Ukaguzi ulipolegea, abiria walirudi kusimama, na mikanda mingi ikabaki pambo. Kanuni iliyotegemea msukumo wa waziri mmoja ilihitaji taasisi ya kuirithi, na urithi huo haukuandaliwa vya kutosha.

4. Dar es Salaam na London: nini kilitangulia?

London ilipoanza kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji Februari 2003, mabasi ya ziada yapatayo 300 yaliingizwa barabarani ili kumpokea atakayeacha gari lake nyumbani. Tozo na mbadala wake vilianza pamoja.

Dar es Salaam ilichukua muda mrefu zaidi. Wakala wa DART, unaosimamia mabasi hayo yaendayo haraka, ulianzishwa 2007, na mabasi ya awamu ya kwanza, kati ya Kimara na Kivukoni, yakaanza kazi Mei 2016. Njia zilijengwa, vituo vikajengwa, ndipo daladala, yaani matatu za huko, zikaondolewa kwenye barabara hiyo. Hata hivyo mabasi hayakutosha, na foleni za asubuhi pale Kimara zikawa malalamiko ya kila siku. Funzo la Dar lina pande mbili: kutanguliza mbadala ni lazima, na mbadala huo usipoongezwa kadiri abiria wanavyoongezeka, watu watazikumbuka daladala.

Sisi Nairobi, mwaka huohuo wa marufuku, 2018, tulipaka mstari mwekundu kwenye Thika Road kutenga njia ya mabasi ya haraka. Mabasi hayakuja. Magari ya watu binafsi yaliendelea kupita juu ya rangi hiyo kama kawaida. Anayenakili mfano wa jiji jingine hana budi kunakili pia miaka ya maandalizi iliyoutangulia.

5. Nani mwenye jambo?

Sababu ya katazo kutangulia mbadala iko pia katika mgawanyo wa mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani, trafiki na maegesho. Wakati huohuo leseni za magari ya abiria hutolewa na NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama, polisi wa trafiki wako chini ya serikali ya kitaifa, na barabara kuu zinazoingia mjini ni za kitaifa. Mwaka 2017 iliundwa NAMATA, mamlaka ya usafiri ya eneo la jiji la Nairobi, kuratibu usafiri wa kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Mwaka 2020 majukumu ya uchukuzi ya Nairobi yakahamishiwa NMS, idara ya serikali ya kitaifa ya huduma za jiji, iliyojenga kituo cha Green Park kando ya Uhuru Highway; kufikia mwisho wa 2022 NMS ilikuwa imeondoka.

Gavana anaweza kuifunga steji ya Tea Room, lakini peke yake hawezi kulipatia gari la Kangemi njia mpya hadi Eneo la Viwanda. Mwenye uwezo wa kukataza hana uwezo wote wa kutoa, na hivyo katazo hutangulia kwa kuwa ndilo lililo karibu na mkono wake.

6. Mapendekezo

Kwanza, kaunti na NTSA zianzishe njia za matatu zinazounganisha mitaa bila kupita mjini, kwa leseni nafuu kwa vyama vya wenye magari vitakavyokubali kuzijaribu. Njia ya Kangemi hadi Eneo la Viwanda ingefaa kuwa ya mwanzo.

Pili, steji zifungwe moja moja, na kila moja ifungwe baada ya njia mbadala kufanya kazi kwa angalau miezi sita na nauli yake kujulikana.

Tatu, ushirikishwaji wa umma unaodaiwa na Katiba ufanyike steji, saa za asubuhi na jioni. Kikao cha saa nne asubuhi katika ukumbi wa kaunti kinawapata wenye magari. Abiria wakati huo yuko kazini.

Nne, rasimu yoyote ya kuondoa matatu mjini ieleze kwa shilingi na kwa dakika kile atakachoongezewa abiria wa kila njia. Rasimu isiyokuwa na hesabu hiyo Bunge la Kaunti liirudishe ilikotoka.