Nge Chini ya Jiwe

Nge si wa jangwani peke yake. Mchana hujificha chini ya mawe, matofali na kuni. Usiku hutoka kuwinda mende na panzi. Macho yake ni dhaifu, lakini miguu yake minane huhisi mtikisiko wa ardhi. Mama nge hatagi mayai: huzaa watoto hai, kisha huwabeba mgongoni hadi wajivue gamba la kwanza.

Nge mwenye magando manene na mkia mwembamba, kwa kawaida sumu yake ni hafifu. Mwenye magando membamba na mkia mnene, kama nge aina ya Parabuthus wa nyika kame za kaskazini mwa Kenya, huyo ni hatari. Akimdunga mtoto, msichanje jeraha. Mpelekeni kituo cha afya mara moja.